Makaratasi ya kijiji nayo yanahusu wahami

Kila tarehe 9 mwezi wa 6, watunza nyaraka duniani wanafanya siku yao. Kwa Kivu ya Kaskazini, siku hiyo ingefaa ifike mpaka kambini.

Wakaaji wa Goma hawasahau tarehe 17 Januari 2002, wakati moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Karatasi haina miguu. Mama anabeba mtoto na godoro. Daftari la kuandikisha watoto linabaki kabatini. Vita navyo ni vilevile.

Mhami akirudi Masisi ao Rutshuru na kukuta mtu mwingine analima shamba lake, ataonyesha nini? Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa serikali, na mwenye kiwanja anajulikana kwa cheti. Lakini vijijini wengi hawajawahi kukiona cheti hicho. Wana karatasi ya chifu yenye mhuri, ao neno la wazee tu. Karatasi ikiungua na mzee akifa ukimbizini, kesi inakuwa ngumu sana.

Basi wasingoje mashine kutoka Kinshasa, wala kutoka Brussels (ambako makaratasi mengi ya wakati wa ukoloni yako mpaka leo). Simu ya mkononi inatosha kupiga picha daftari. Kopi moja ibaki kijijini, nyingine ikae mbali. Hatari iko: orodha ya majina ikiangukia mikono ya wenye silaha, inaweza kuua. Kwa hiyo wahami wenyewe waulizwe kwanza nani ashike kopi ile, na ifichwe wapi.