Mganga Ajikinge Kwanza: Neno "Mchawi" Linavyotupotosha Mezani

Baina ya michezo inayoendeshwa kwa maneno, upo mmoja ambao wapenzi wa lugha wangestahili kuufahamu zaidi. Ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Watu huketi mezani. Mmoja huwa msimulizi, na waliosalia kila mmoja huvaa uhusika wa mtu wa kubuni: askari, mwizi, kuhani, au mtu atendaye miujiza kwa nguvu ya kinywa chake. Msimulizi huleta hatari, wachezaji hutamka watakalofanya, na dadu la pande 20 huamua kama wamefaulu. Hoja yangu leo inamhusu huyo wa mwisho, ambaye silaha yake ni neno. Nadai kwamba tunamwita kwa jina lisilo lake, na kwamba jina hilo ndilo linalomwua.

Mara nyingi nimewasikia wanaoucheza kwa Kiswahili wakimwita mchawi. Kwa haraka neno linaonekana kufaa. Lakini Kiswahili hakikuwatia wenye maarifa ya siri wote katika chungu kimoja. Mchawi ni yule anayedhuru: huroga na huangamiza. Mganga ni yule anayeponya na kulinda: huagua, huzindika, hukaga, hupunga. Huenda wote wawili wakachimba mzizi uleule katika msitu uleule. Kinachowatenganisha ni kusudi. Mchezaji akishaitwa mchawi, amekwisha kupewa kazi, nayo ni kushambulia. Ndiyo maana aonapo adui mlangoni hukimbilia moto. Humaliza akiba yake yote katika pambano la kwanza, na katika la pili huzikwa.

Tuitazame hesabu yenyewe kwa kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014. Anayeanza mchezo katika daraja la Wizard ana uhai wa pointi 6 pamoja na nyongeza ya siha yake, ilhali askari huanza na 10. Hajui kuvaa deraya. Matabano yake yenye nguvu aweza kuyatumia mara mbili tu kwa siku, na ya tatu akijaliwa kupumzika kidogo. Nasema tabano kwa kuwa ndilo neno letu la maneno anayoyasoma mganga juu ya dawa, na sioni sababu ya kuazima jingine. Zaidi ya hayo machache, anayo matabano madogo, kama lile la kurusha cheche ya moto, ambayo hayamwishii kamwe. Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Ikiwa shambulio analo la bure, akiba iliyo adimu ya nini, kama si ya kujikinga?

Kinga ya kwanza ni zindiko. Mchezoni huitwa Mage Armor. Husomwa asubuhi, hudumu saa 8, nalo hupandisha msingi wa kinga ya mwili kutoka 10 hadi 13. Tofauti ya 3 yaonekana ndogo, lakini katika dadu la pande 20 ni nyuso tatu ambazo zingekuwa jeraha na sasa ni upepo. Ya pili ni ngao, yaani Shield. Hii haisomwi mapema. Hutamkwa papo hapo, pigo likiwa tayari limefika, na huongeza 5 hadi zamu yake ijayo. Ya tatu ni mazingaombwe: tabano la Mirror Image humzungushia mwenyewe vivuli vitatu vilivyofanana naye, hata adui akapiga kivuli akidhani ni mtu. Juu ya hizo zote kuna kinga isiyogharimu tabano lolote, nayo ni mahali pa kusimama: nyuma ya askari mwenye deraya, kando ya nguzo, mbali na mlango.

Ya nne ni zinguo. Kuzingua, kabla vijana hawajalifanya neno la kukera na kuharibu shughuli, kulikuwa ni kumwondolea mtu uchawi aliotupiwa. Ndiyo kazi ya tabano la Counterspell. Adui akianza kutamka lake, nawe ukimwona ndani ya futi 60, walivunja likiwa bado mdomoni. Lakini kanuni zinampa kila mtu jibu moja tu katika kila duru. Ukilitumia kwa zinguo, ngao huna mpaka zamu yako irudi. Washairi wanaijua hali hii kutokana na malumbano. Anayejibu kila beti atupiwalo hukaukiwa na vina mapema. Bingwa hulipisha la kando ili alivunje lile lenye uzito.

Kanuni zina pia jambo ambalo mpenzi yeyote wa lugha atalifurahia. Matabano mengi huhitaji sauti, na mengi huhitaji ishara ya mkono. Lipo tabano la Silence, ambalo huzima sauti zote katika eneo fulani, na humo yeyote anayetegemea kinywa huwa bubu. Katika toleo hilo la mwaka 2014, zinguo huhitaji mkono tu. Kinyume chake, tabano la Misty Step, linalomhamisha mtu futi 30 kwa kufumba na kufumbua, huhitaji sauti tu. Basi aliyezibwa kinywa bado ana zinguo, na aliyefungwa mikono bado ana njia ya kutoroka. Mchezaji mwenye busara huchagua matabano yake akiwaza ni kiungo kipi atanyang'anywa kwanza.

Fasihi yetu inalijua hilo tangu zamani. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu, Fumo Liyongo yumo kifungoni, mikono haimfai kitu. Kinachomtoa ni wimbo wa mafumbo, wenye kumwelekeza mama yake afiche tupa ndani ya mkate. Walinzi wanausikia na hawauelewi. Na kinachomwua baadaye si upungufu wa nguvu. Ni siri ya kinga yake kumfikia mwanawe, aliyekuja na sindano ya shaba. Mezani nako ni vivyo hivyo. Adui asijue umebakiwa na matabano mangapi.

Wako watakaosema huu ni woga, na kwamba mchezo unoge kwa moto. Wazee walikwisha kuwajibu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nami naongeza kwamba anayejikinga hajilindi peke yake. Zinguo humwokoa kuhani, na mwenye tabano aliye hai mwishoni mwa pambano ndiye anayeijua njia ya kurudi.

Wengine watasema jina halina uzito, kwa kuwa huu ni mchezo tu. Hao ndio ninaotofautiana nao zaidi. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa sababu tu mtu aliwaita wachawi. Neno lenye damu hiyo si la kuvalishwa shujaa wa hadithi kwa kukosa kufikiri. Mganga nalo lina madoa yake, sikatai, kwani matapeli wamejificha ndani yake. Lakini bado lina heshima ya kutosha hata daktari mkuu wa serikali nchini Tanzania akaitwa Mganga Mkuu. Neno linaloweza kubeba hospitali laweza kubeba pia mhusika wa mchezo.

Ombi langu kwa washairi ni dogo. Vijana wanaocheza wana haja ya maneno, na tunayo: zindiko, kago, fingo, hirizi, talasimu, zinguo, kiini macho. Mengi yamelala katika kamusi kwa kuwa tuliyaonea haya. Yatungieni beti, yapelekeni mezani, yatamkwe kwa sauti dadu likiwa hewani. Na mgeni akiketi kuucheza kwa mara ya kwanza, asiulizwe atamroga nani. Aulizwe amemzindika nani.