Beni – Butembo: Ziwa Edward ni moja, watalii wako ng'ambo ya Uganda

Mtalii anayetaka kuona viboko wa Ziwa Edward akiwa ndani ya boti hapiti Butembo wala Beni. Anaenda Uganda, kwenye mfereji wa Kazinga, katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Boti hupita polepole kando ya viboko, tembo na nyati, na pesa ya tiketi inabaki huko.

Upande wa Kongo, maji ni yale yale. Kule Ishango, wilaya ya Beni, mto Semliki unatoka ziwani, na milima ya Ruwenzori iko karibu. Lakini hapo na Kyavinyonge, kinachoonekana majini ni mitumbwi ya wavuvi.

Shida si uzuri wa mahali. Viboko wa hifadhi ya Virunga walikuwa karibu 30,000 miaka ya 1970. Ujangili na vita viliwapunguza hadi chini ya 1,000. Mei 2018, Virunga ilisimamisha utalii baada ya mlinzi mmoja kuuawa na Waingereza wawili kutekwa.

Uganda nayo iliguswa: Oktoba 2023, watalii wawili na kiongozi wao waliuawa ndani ya Queen Elizabeth, na serkali ikawashitaki ADF. Hata hivyo wageni bado wanaenda Kazinga.

Vijana wa Kyavinyonge wanalijua ziwa kuliko yeyote. Wanachokosa ni barabara ya Beni–Kasindi ambayo mgeni, na wakaaji wenyewe, wataipita bila kuviziwa. Bila hiyo, kununua boti za watalii ni kupoteza pesa.