Mtandao wa Ndani Kwanza, Intaneti Baadaye

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Chumba chetu cha kompyuta kina sifa zake nami sitazificha. Mashine zipo, mwalimu anajua kazi yake, na kufuli ya mlango ni imara ajabu. Lakini ukiniuliza chumba hicho kimetufaidi vipi tangu tujiunge na Kidato cha Kwanza mwaka wa 2024, nitakuna kichwa.

Siku hizi kuna mnong'ono kwamba wazazi wataombwa kuchangia intaneti. Wenzangu wanashangilia, na wengine tayari wanapanga video watakazotazama. Mimi nasema la, si sasa. Tuanze na mtandao wa ndani, ule unaoitwa intraneti. Usiogope jina. Kompyuta moja inafanywa seva, yaani ghala, na zile nyingine zinaunganishwa nayo kwa nyaya na kisanduku kiitwacho swichi. Kilichowekwa ghalani kinasomwa kwenye kila mashine humu shuleni, na hakivuki lango. Hakuna bando ya kununua.

Utaniambia, "Kwani intaneti si ina kila kitu?" Haina kila kitu. Haina zile hesabu zilizoandikwa ubaoni Jumanne zikafutwa kabla ya kengele.

Muhula wa kwanza mwenzangu wa deski alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Alikaa siku tisa. Aliporudi alikuta tumefanya jaribio la Kemia, tumemaliza mada nzima ya Hisabati, na siku ya kujiandikisha kwa shindano la insha imepita. Yeye ndiye bingwa wetu wa insha, jamani! Tangazo lilikuwa limesomwa mara moja tu kwenye gwaride, likabandikwa nje, mvua ikalinyea. Nilimwazima daftari langu, ingawa mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyekanyaga wino. Akaenda kupiga fotokopi, pesa zikaisha kabla ya kurasa. Shule ya kutwa ndivyo ilivyo. Kila siku kuna kiti kitupu: huyu karo, yule homa, mwingine matatu yake imekwama Barabara ya Jogoo. Na kinachosemwa asubuhi hakimngojei mtu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba tukishanunua nyaya kazi imekwisha. Mjomba wangu ni fundi wa mashine katika kampuni moja huko Eneo la Viwanda. Kampuni hiyo iliwahi kujenga intraneti yake kwa mbwembwe nyingi. Ukiifungua, unakaribishwa na picha ya mkurugenzi akitabasamu, halafu maono na malengo ya kampuni. Ilipofika Juni, tangazo la juu kabisa lilikuwa bado ni la sherehe ya Krismasi. Nani angelisoma? Kompyuta zote zilikuwa ghorofani kwa watu wa ofisi, na mafundi wako chini na grisi mikononi. Wao waliendelea kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani.

Kisha akaja mama mmoja katika idara ya wafanyakazi. Hakununua kitu kipya. Alizunguka na daftari akiuliza kila mtu, "Wewe hupanda ngazi kuja ofisini kutafuta nini?" Karibu wote walijibu mambo mawili: hati ya mshahara, na siku za likizo zilizobaki. Akayaweka hayo ndani, kila mfanyakazi na nenosiri lake, kisha akateremsha kompyuta moja hadi karibu na mkahawa wao. Mjomba anasema sasa kuna foleni.

Wala si Nairobi tu. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti, aliandika pendekezo lake mwezi wa Machi 1989 akiwa CERN, kituo cha wanasayansi kilicho karibu na Geneva. Shida yake ilikuwa ya ndani kama yetu: wengi walikaa pale miaka miwili hivi, wakiondoka wanaondoka na walichokijua. Na unajua ni nini kilichowavuta wafanyakazi wa pale kuutumia mwanzoni? Kitabu cha nambari za simu za wenzao! Basi.

Kwetu kitabu cha simu ni kipi? Niliiga yule mama, nikapita madarasa mawili na daftari. Walitaka mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, muhtasari wa masomo ya wiki, na matangazo. Hakuna hata mmoja aliyetaka historia ya shule, ambayo nina hakika ndiyo ingewekwa mbele. (Walimu wangu, mnisamehe.)

Kule Kibera, taasisi ya Tunapanda ilijenga mtandao wa jamii, TunapandaNET, ukaunganisha shule na vituo vya vijana, na masomo yakawekwa kwenye seva iliyo papo hapo mtaani. Kibera si Ulaya. Sisi wa Eastlands tunashindwa na nini?

Kinachonitia wasiwasi ni watu. Nani ataandika kila Ijumaa? Napendekeza kila darasa liwe na mwandishi wake, na mwalimu wa somo apitie muhtasari kabla haujawekwa, maana kosa la mmoja litanakiliwa na wote. Matangazo yapitie kwa naibu wa mwalimu mkuu. Alama za mitihani zisianikwe humo hata kidogo. Aibu ya mtu si tangazo, na tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Aidha, chumba kifunguliwe wakati wa chakula cha mchana na baada ya masomo, la sivyo tutakuwa tumejenga ghala na kumeza ufunguo. Stima ikipotea tutangoja irudi, kama tunavyongoja nyumbani.

Sisi ndio tuliofanya KCPE ya mwisho, mwaka wa 2023. Nyuma yetu hakuna Kidato cha Kwanza wala cha Pili cha kurithi madaftari yetu, na mwaka wa 2027 tutatoka na kila kitu kichwani.

Ile kompyuta ya kona, isiyo na kipanya, inatosha kuwa seva ya kuanzia. Nimemwomba mwalimu wa kompyuta. Akasema nisimwombe ufunguo kabla sijampelekea majina sita ya watakaoandika kila Ijumaa bila kusukumwa. Nina manne, na la kwanza ni la yule mwenzangu wa deski. Aliye tayari anipate Kidato cha Tatu, safu ya nyuma, karibu na dirisha.