Mwalimu wa Sanaa Haliliwi kwa Machozi Peke Yake

Anapofariki mwalimu wa sanaa, sisi watunzi hukimbilia kalamu. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, tanzia huwa zimekwisha kuenea: taa imezimika, mwamba umeanguka, nyota imetumbukia baharini. Vina vimepatana, mizani imetimia, na kituo kinamwombea marehemu pepo njema. Kumlilia mwalimu ni haki yake na ni ada yetu. Lakini jaribu, ndugu msomaji, kuliondoa jina la marehemu katika tanzia hizo na kulitia la mwingine. Mara nyingi hutaona mshororo hata mmoja unaohitaji kubadilishwa. Shairi linalomfaa kila maiti halimkumbuki yeyote.

Nayasema haya nikimfikiria Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki Mombasa mwaka 2017. Alipoondoka, alilizwa kwa tungo nyingi, na alistahili. Swali langu ni hili: miaka hii yote baada ya matanga, tumeyafanyia nini aliyotufundisha?

Nabhany alikuwa mwalimu wa sanaa kwa maana yake kamili. Aliipokea fani ya utungo nyumbani, kwa nyanya yake Amina Abubakar Sheikh, ambaye naye alikuwa mtunzi. Kisha akaipokeza kwa kila aliyebisha hodi, awe kijana wa mtaani au mtafiti aliyevuka bahari. Somo lake kubwa lilikuwa kwamba mshairi ni mhifadhi wa vitu kwa kuvihifadhia majina yake. Ndiyo maana alitunga Sambo ya Kiwandeo, utungo juu ya jahazi la Lamu, uliochapishwa mwaka 1979 baada ya kuhaririwa na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Ndiyo maana pia akatunga Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985.

Wako wanaoziona tungo hizi kuwa orodha za msamiati zilizovikwa vina. Siafikiani nao. Nazi haianzi kuwa nazi: huwa kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi. Mtu asiyeyajua majina hayo huuona mnazi kama mti mmoja wenye tunda moja. Anayeyajua huona umri, subira na wakati wa kuangua. Vivyo hivyo kwa chombo: asiyetofautisha mkuku na mataruma, wala foromali na mlingoti, huona mbao na kitambaa tu. Jina hulifundisha jicho kuona. Hilo ni somo la sanaa, si la kamusi peke yake.

Huyu huyu aliyelinda maneno ya kale ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa neno runinga. Asili yake huelezwa kuwa ni rununu, yaani habari au sauti isikikayo kutoka mbali, na maninga, jina la macho katika lugha ya tungo za kale. Chombo kigeni kikapewa jina kwa mali iliyokuwamo ghalani mwetu. Kuna wasemao kwamba maneno ya namna hii ni mazito na kwamba Kiamu hakiwezi kuwa cha wote. Ni kweli kwamba si kila neno linalobuniwa huishi, na wengi wetu bado twasema televisheni. Lakini kipimo cha mwalimu si maneno mangapi yamekubaliwa sokoni. Kipimo ni njia aliyotuonyesha: kabla ya kuazima kwa jirani, fungua kwanza sanduku la bibi.

Basi, kumkumbuka kwa kweli kungekuwaje? Kwanza, tuache kuishi katika bahari mbili tu. Wengi wetu tunatunga shairi la mizani 16 na utenzi wa mizani 8, tukadhani ndio mwisho wa fani. Nabhany alisisitiza kwamba tungo za Waswahili zina bahari nyingi: ukawafi, wajiwaji, inkishafi, kimai, zivindo na nyinginezo. Kila moja ina umbo lake, na aghalabu ina shughuli yake.

Miongoni mwa hizo, mimi ningeanza na zivindo, kwa sababu ni bahari ya darasani. Mtunzi wa zivindo huchukua neno lenye maana nyingi na kuzipanga maana hizo katika beti. Chukua neno kaa: ni mnyama wa pwani aendaye kwa ubavu, ni kipande cha moto au cha mkaa, ni tendo la kuketi, ni tendo la kuishi mahali. Mtunzi mchanga akilazimika kuzitimiza maana hizo ndani ya vina, atalijua neno hilo kuliko aliyelisoma kamusini mara kumi. Laiti kila mmoja wetu angetunga kivindo kimoja kwa mwezi, kwa neno la kwao, la Pemba, la Vanga, la Mvita au la Tanga, kwa mwaka tungekuwa na hazina isiyohitaji ufadhili wa mtu.

Pili, twende kwa walimu walio hai. Mafundi wa majahazi wanazeeka, na wagema na wasukaji wa makuti vilevile. Kila mmoja wao ana msamiati ambao haujaandikwa popote. Tumezoea kusubiri mzee afe ndipo tumwite maktaba iliyoungua. Mbona hatukwenda kusoma ilipokuwa wazi?

Tatu, tukiandika tanzia, tutaje somo. Ubeti mmoja unaoeleza neno alilotufunza marehemu, au kosa la mizani alilotusahihisha, una uzito kuliko beti kumi za nyota na miamba. Msomaji ajaye, ambaye hakumjua, atapata kitu cha kuchukua mkononi.

Mola amrehemu Ustadh Nabhany na walimu wetu wote waliotangulia. Deni lao hulipwa kwa kufundisha. Na anayesoma hapa, akiwa na neno moja la kwao linaloelekea kupotea, amekwisha kupata pa kuanzia.