Afya ya Nyumbani: Muhogo Mchungu na Miguu ya Watoto

Hapa kwetu Kigoma na Ujiji ugali wa muhogo kwa dagaa ni chakula cha kila siku, nacho ni chakula chema. Lakini muhogo mchungu una sumu iitwayo sayanidi, nayo huzidi wakati wa ukame. Mtu akila muhogo usiotengenezwa vema hushikwa na kizunguzungu, kuumwa kichwa na kutapika. Baadaye hupata nafuu, na watu wa nyumbani husema, "Yamekwisha."

Huenda hayajakwisha. Nyumba ikizidi kula unga ule kwa majuma kadhaa, bila kitoweo cha kufaa, mtoto au mama aweza kuamka siku moja miguu imekakamaa, asiweze kwenda. Ugonjwa huu huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa; daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Katika nchi yetu ulizuka Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipoharakisha kuutengeneza muhogo kwa sababu ya njaa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Lakini ulemavu ule hauondoki.

Basi mama, njaa isikuharakishe. Menya muhogo, uuloweke siku 3 au 4 hata ulainike, ndipo uuanike. Kuanika peke yake hakutoshi. Na kama unga ni wa sokoni, wala humjui aliyeutengeneza, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba kivulini kwa muda wa saa 5, ama juani kwa muda wa saa 2, ili sumu itoke hewani. Kisha uupike siku ile ile.

Tena dagaa si wa kutia ladha tu. Mwili hutumia salfa iliyomo katika samaki na maharage kuidhoofisha sumu hata itoke kwa mkojo. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa letu ulifungwa miezi 3. Miezi kama hiyo yataka uangalifu zaidi, na akiba ya maharage na dagaa wakavu iwekwe mapema.

Nanyi walimu, mtoto aliyekuwa akikimbia jana, mkimwona leo anakwenda kwa ncha za vidole, msimwadhibu kwa kuchelewa. Apelekwe hospitali upesi, kisha ulizeni nyumbani kwao wanakula nini. Maana ndugu zake wangali wanakula katika chungu kile kile.