HISA YA BEI NDOGO SI LAZIMA IWE RAHISI

Siku hizi viwandani na mashambani, na hata hapa kwetu Kanyosha jioni watu wakitoka kazini, yanasikika maneno mapya: hisa, soko la hisa, Nairobi, Kigali, Dar es Salaam. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya mabepari, mfanyakazi asiyaguse. Sisi hatukubaliani nao. Mali ya kiwanda imetoka katika jasho letu, kwa nini karatasi zake ziwe za matajiri peke yao? Lakini wapo pia wanaozunguka wakisema: "Nunua hii, bei yake iko chini, itapanda tu." Hao ndio tunaotaka kuwajibu leo.

Bei ya chini maana yake nini? Tuseme hisa moja inauzwa faranga 100, na kila mwaka kampuni inapata faida ya faranga 20 kwa kila hisa. Nyingine inauzwa faranga 10 tu, lakini faida yake ni nusu faranga. Ya kwanza, faida ya miaka 5 inatosha bei yake. Ya pili, miaka 20. Basi ile ya faranga 10 ndiyo ghali! Mama anayenunua maharagwe sokoni analijua jambo hili: hasikilizi bei peke yake, anatia mkono mpaka chini ya gunia.

Tazameni Mumias, kiwanda cha sukari huko magharibi ya Kenya. Kiliingia soko la Nairobi mwaka 2001, na wakulima wa miwa wakanunua hisa zake. Baadaye bei ikashuka hata chini ya shilingi moja. Mwenye kutazama bei tu angesema ameokota dhahabu. Kumbe kiwanda kilikuwa kimezama katika madeni. Mwaka 2019 kikawekwa chini ya msimamizi wa wadai, na hisa zikasimamishwa sokoni. Nani alijua mapema? Wafanyakazi walijua. Mashine zilikuwa zimesimama, mishahara haikulipwa miezi mingi. Macho hayo tunayo sisi, mabwana wa soko hawana.

Safaricom ni kinyume chake. Mwaka 2008 hisa iliuzwa shilingi 5, na mwaka uliofuata ikawa chini ya 3. Waliokopa benki ili wanunue walibanwa, wakauza kwa hasara. Lakini kampuni yenyewe ilikuwa inakua, M-Pesa imeanza tangu 2007. Mwaka 2021 hisa ile ilipita shilingi 40. Halafu mwaka 2023 ikarudi chini ya 20, kwa hiyo asitokee mtu kuwaambia kwamba kitu kizuri hakishuki.

Sisi wa Burundi tuna mzigo mwingine. Mshahara wetu ni faranga, na hisa za Nairobi ni shilingi. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ilishusha faranga: dola iliyokuwa karibu 2,000 ikapita 2,800. Anayebadilisha pesa kwenda na kurudi analipa mara mbili, na faida ya mwaka mzima inaweza kubaki mfukoni mwa mbadilishaji. Na nyumbani je? Rwanda iliuzia wananchi sehemu ya kiwanda chake cha bia, Bralirwa, na mwaka 2011 hisa zikaanza kuuzwa Kigali. Brarudi ya hapa Bujumbura ni ya Heineken na serikali. Kwa nini mfanyakazi wa Burundi asipate mlango kama ule? Sendika lazima ziulize, na ziulize kwa sauti.

Kwa sasa tunasema hivi. Pesa ya mkopo isiende kwenye hisa, wala ya ada ya shule. Asiweke mtu akiba yake yote katika kampuni ile ile inayomlipa mshahara, maana ikifa atapoteza vyote viwili siku moja. Na yeyote anayewauzia hisa, mwombeni hesabu za miaka mitano: faida, madeni, gawio. Zikiwa za Kifaransa au Kiingereza, zileteni kwa mjumbe wenu wa sendika, tukae tuzisome pamoja kabla faranga moja haijatoka.