Shabiki, presha ya marudiano isije ikakuua

Msomaji, kuna mechi za kandanda ambazo hata mtu asiyejua kanuni za mchezo huo huacha shughuli zake akazitazama. Ni zile za mikondo miwili za kuwania tiketi ya mashindano makubwa. Timu hucheza nyumbani, kisha ugenini, mabao yakajumlishwa, na baada ya dakika 180 mmoja hufuzu na mwenzake akabaki kusubiri miaka mingine. Mechi hizi huuchezea moyo wa shabiki kuliko nyingine zote, na leo tuuzungumzie huo moyo wenyewe, ule unaodunda kifuani mwako.

Kumbuka Novemba 2015. Tarehe 13, Harambee Stars iliichapa Cape Verde 1-0 jijini Nairobi kwa bao la Michael Olunga, katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2018. Kwa siku nne Wakenya walilala na kuamka na hesabu moja: sare tu inatutosha. Tarehe 17 mjini Praia tulilazwa 2-0 na safari ikaishia hapo. Akina dada wametufurahisha zaidi. Mwaka 2016 Harambee Starlets walitoka sare 2-2 na Algeria ugenini, wakatoka tena sare 1-1 nyumbani, wakafuzu kwa Kombe la Afrika kwa sababu tu ya mabao ya ugenini. Juni 2024 wasichana wasiozidi miaka 17 waliinyuka Burundi 3-0 na 2-0, wakawa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa fainali za Kombe la Dunia la kandanda.

Iwe ni shangwe au machungu, mwili wako hauoni tofauti kubwa. Unapohofia bao la dakika za mwisho, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Mapigo ya moyo huenda mbio, mishipa hujibana, shinikizo la damu hupanda, na damu huwa nyepesi kuganda. Kijana mwenye afya hatadhurika. Lakini aliye na mishipa iliyoanza kuziba, au mwenye shinikizo ambalo halijatibiwa, anaweza kupata mshtuko wa moyo au kiharusi.

Haya si maneno ya kutishana. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa eneo la Munich nchini Ujerumani walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, idadi yao ilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na wengi walizidiwa katika saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza. Wanaume waliathirika zaidi, hasa waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali. Huko Uingereza, timu yao iliposhindwa na Argentina kwa penalti Juni 30, 1998, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na mbili zilizofuata. Ni kweli kwamba watafiti wa Italia hawakuona ongezeko kama hilo nchini mwao. Lakini nani yuko tayari kujaribu bahati yake ilhali hajui hali ya mishipa yake?

Sasa turudi kwetu Isiolo. Mji huu umepakana na milima ya Nyambene inakokuzwa miraa, na magari ya zao hilo hupitia hapa kuelekea Marsabit na Moyale. Kwa hivyo kwa mashabiki wengi mechi bila miraa hainogi. Mtu huanza kutafuna alasiri, anateremshia kwa soda, sigara haimtoki mdomoni, na handasi inapopanda ndipo kipenga kinapopulizwa. Miraa ina kathinoni, kemikali inayoharakisha moyo na kupandisha shinikizo, na sigara nayo hubana mishipa. Ukiongeza hofu ya mchezo, unaubebesha moyo mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Tena kwa kuwa mechi ni mbili, wengine hukesha siku zote za katikati wakibishana na kuweka dau, bila usingizi wala chakula cha maana.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Maradhi haya hayaumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akijiona mzima, hadi siku atakapoanguka.

Maoni yangu ni kwamba siku ya mechi kubwa ndiyo siku bora ya kuwapata wanaume wasiokanyaga zahanati. Wenye kumbi za video za Bula Pesa na kwingineko huwakusanya watu ambao hakuna mkutano wa afya unaoweza kuwakusanya. Serikali ya kaunti ikipeleka wauguzi wawili na mashine za kupimia shinikizo saa moja kabla ya mchezo, wengi watajijua hali zao, kwa gharama ndogo kuliko ya kumtibu mgonjwa mmoja wa kiharusi.

Nawe msomaji usingojee kaunti. Kapimwe wiki hii. Kama umeandikiwa dawa za presha, zimeze siku ya mechi kama siku nyingine. Usiziache eti ili miraa ishike vizuri. Kama tayari una ugonjwa wa moyo, achana na miraa na sigara kabisa.

Jirani yako ukumbini akilalamika kwamba kifua kinambana, maumivu yakaenea mkononi au tayani, akatokwa na jasho baridi, usimwambie avumilie hadi mapumziko. Akipindika mdomo, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, hicho ni kiharusi. Usimnyweshe maji wala maziwa, kwani yanaweza kumpalia. Tafuteni gari mara moja mumkimbize hospitalini. Mkazi wa mjini hospitali ya rufaa iko karibu. Aliye Merti au Garba Tulla ana safari ya saa kadhaa, kwa hivyo kwake kinga ni muhimu zaidi.

Kandanda ni burudani, na wala sisemi uache kuitazama. Harambee Stars ikibanduliwa, itarudi uwanjani kwa mchujo mwingine. Hakikisha nawe utakuwepo kuishangilia.